Mipango miji kwa simu: Maoni ya mwananchi yakishatumwa huenda wapi?

WAKAZI wa Bonde la Mto Msimbazi jijini Dar es Salaam hawahitaji kuelezwa maana ya alama ya X iliyochorwa kwa rangi nyekundu ukutani. Desemba 2015 tingatinga liliingia Kinondoni Mkwajuni, nyumba zikaanguka moja baada ya nyingine, na waliokuwa wakiishi humo wakabaki kando ya barabara na magodoro, mabati na watoto. Katika wiki zilizofuata alama hiyo iliendelea kuchorwa kwenye kuta za nyumba nyingine za bondeni.

Mwaka huo huo, katika jiji hilo hilo, kundi jingine lilianza kupita mitaani. Hawa hawakubeba rangi. Walikuwa wanafunzi wa vyuo na vijana wa mitaa yenyewe waliobeba simu na karatasi za ramani, wakiuliza mfereji huu unaanzia wapi na kuishia wapi, maji ya mvua hufika wapi, zahanati iko upande gani, njia hii hupitika kwa gari au kwa miguu tu. Walikuwa wakifanya kazi ya mradi uitwao Ramani Huria.

Sasa msomaji, jiweke katika nafasi ya mama anayeishi hatua chache kutoka mtoni. Anagongewa mlango na kijana mwenye simu anayetaka kujua mafuriko yaliyopita yalifika kimo gani ndani ya nyumba yake. Akijibu ukweli kwamba yalimfika kiunoni, je, jibu hilo litamletea mfereji au litamletea X?

Hilo ndilo swali ambalo kila mfumo wa kukusanya maoni ya wananchi kuhusu mipango miji kwa njia ya simu au kompyuta hauna budi kulijibu kabla haujamuuliza mwananchi chochote. Makala haya yanaeleza mifumo hiyo hufanyaje kazi, kwa nini baadhi yake imeaminiwa na mingine ikasusiwa, na mambo gani katika uundwaji wake humfanya mtu wa kawaida athubutu kusema anachokijua.

Mkutano wa saa nne asubuhi

Kwa nini simu zihitajike wakati mikutano ya hadhara ipo? Jibu fupi ni kwamba miji imeizidi mikutano. Mpango Kabambe wa Dar es Salaam wa mwaka 1979 ulitayarishwa wakati sensa ya mwaka uliotangulia ilikuwa imehesabu watu wapatao 843,000 katika mkoa mzima. Mpango huo uliendelea kuwa wa mwisho kwa zaidi ya miongo mitatu, hadi ulipotayarishwa mwingine wa kipindi cha 2016 hadi 2036. Sensa ya 2022 ilikuta watu 5,383,728. Katikati ya miaka hiyo watu walijenga walipopata kiwanja, na makadirio yanayotajwa mara nyingi ni kwamba karibu asilimia 70 ya wakazi wa jiji wanaishi katika maeneo ambayo hayakupangwa.

Sheria haijasahau wananchi. Sheria ya Mipango Miji ya Tanzania ya mwaka 2007 inataka wenye ardhi na wadau wengine wakutanishwe kabla ya eneo lao kupangwa. Nchini Kenya, Katiba ya 2010 imeuweka ushirikishwaji wa wananchi miongoni mwa misingi ya utawala, na mwaka 2019 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo ilisisitiza kuwa ushirikishwaji huo lazima uwe wa kweli, si wa kutimiza ada.

Tatizo ni ada yenyewe. Mkutano huitishwa siku ya kazi saa nne asubuhi, wakati kondakta yuko safarini, mamantilie yuko jikoni na kibarua yuko kwenye zege. Ramani hubandikwa ukutani, imechorwa kama jiji linavyoonekana na ndege, nayo huelezwa kwa maneno ya kitaalamu. Wanaohudhuria ni wastaafu, wanaotafuta uongozi na wale wenye viwanja vikubwa.

Miaka kadhaa iliyopita nilihudhuria mkutano wa namna hiyo katika mtaa mmoja ambao sitautaja. Mlangoni tulipewa karatasi ya mahudhurio, tukaandika majina, namba za simu na kutia sahihi. Watu walibishana kwa saa mbili, na walio wengi walipinga barabara ilivyochorwa. Baadaye nilipoiona taarifa ya mkutano ule, karatasi yetu ya mahudhurio ilikuwa imeambatanishwa mwishoni kama ushahidi kuwa wananchi wameridhia. Hakuna aliyeghushi sahihi hata moja. Zilikuwa zetu kabisa.

Naeleza kisa hicho kwa sababu wapo wanaodhani kuwa teknolojia itaondoa hila za aina hiyo. Haitaziondoa yenyewe. Kitufe cha “nimesoma na nimekubali” ni karatasi ya mahudhurio iliyowekwa kwenye kioo cha simu.

Pale watu walipojibu

Hata hivyo, si kweli kwamba wananchi wa kawaida hawapendi kushiriki. Kibera, jijini Nairobi, ilikuwa kama haipo katika ramani zilizokuwa zikitumika hadi mwaka 2009, ambapo vijana 13, mmoja kutoka kila kijiji cha Kibera, walifundishwa kutumia vifaa vya kupokea majira ya satelaiti na kuichora wenyewe. Wakati huo idadi ya wakazi ilikuwa ikitajwa ovyo, wengine wakisema ni milioni moja, ilhali sensa ya mwaka huo ilihesabu watu 170,070. Mahali pasipo na ramani kila mtu husema lake.

Mwaka 2011 kazi kama hiyo ilifanyika Tandale, Dar es Salaam, kwa kuwashirikisha wakazi na wanafunzi wa Chuo Kikuu Ardhi. Ramani Huria ikafuata mwaka 2015, ikiungwa mkono na Benki ya Dunia, Tume ya Sayansi na Teknolojia na vyuo vikuu, ikaendelea kuchora mifereji, majengo na maeneo yanayofurika katika kata nyingi za jiji.

Kilichofanya kazi hizo zikubalike ni jambo dogo ambalo wataalamu wengi hulipita bila kulitazama: ramani ilirudi. Iliwekwa wazi katika mtandao wa OpenStreetMap, ambao mtu yeyote anaweza kuufungua bila kulipa wala kuomba kibali, na nakala zilichapwa zikapelekwa katika ofisi za mitaa. Aliyesema mfereji unapita hapa aliuona umechorwa hapo, na kama umekosewa alisema umekosewa.

Aidha, maswali yalikuwa ya kujibika. Mkazi wa bondeni hajui mwinuko wa nyumba yake kutoka usawa wa bahari, wala hapaswi kuujua. Lakini muulize maji yalimfika kwenye kifundo cha mguu, gotini, kiunoni au kifuani, atakujibu bila kusita na jirani yake atathibitisha. Vivyo hivyo, usimwonyeshe mraba usio na jina ukamwambia aweke alama. Mtajie msikiti, kisima, mwembe na kituo cha daladala, naye atakupeleka hadi penye tatizo.

Ujumbe 53

Upande wa pili wa shilingi unaonekana katika mradi wa Maji Matone, ulioanzishwa na shirika la Daraja nchini Tanzania mwaka 2010. Haukuhusu mipango miji bali vituo vya maji vijijini, lakini funzo lake linawahusu wote wanaotaka kuongea na wananchi kwa simu. Wazo lilikuwa zuri: kituo cha maji kikiharibika, mwananchi atume ujumbe mfupi, taarifa ifike kwa mhandisi wa maji wa wilaya na pia kwenye vyombo vya habari. Lengo lilikuwa kupata ujumbe 3,000. Ulipatikana ujumbe 53.

Daraja walifanya jambo ambalo ni nadra kulishuhudia katika nchi zetu. Walitangaza hadharani kuwa wameshindwa, wakaeleza kwa nini. Wanaochota maji ni wanawake na watoto, ilhali simu mara nyingi ilikuwa mfukoni mwa baba. Mtandao wa simu ulikuwa hafifu pale penye kituo kibovu. Lakini zaidi ya yote, watu hawakuamini kuwa ujumbe wao ungeleta fundi, na baadhi yao walihofia kuonekana wanawasema viongozi.

Zingatia kwamba simu zenyewe hazikuwa mbovu. Programu ilifanya kazi kama ilivyokusudiwa. Kilichokosekana ni sababu ya mtu kuamini kwamba shilingi chache anazotumia kutuma ujumbe hazipotei, na kwamba hazitamponza.

Stakabadhi

Katika miaka hiyo hiyo, watu wale wale walikuwa wameanza kukabidhi simu zao kitu cha thamani kubwa kuliko maoni, yaani fedha. M-Pesa ilianza Kenya mwaka 2007 na Tanzania mwaka 2008. Bibi asiyewahi kuingia benki alikubali kumpa noti zake kijana mwenye kibanda chenye mwavuli. Kwa nini?

Kwa sababu kabla hajaondoka kibandani, simu yake ililia. Ujumbe ulimwambia kiasi alichoweka, saa aliyoweka, salio lake na namba ya kumbukumbu ya muamala. Fedha zisipofika, ana namba ya kutaja. Imani yake haikutokana na urembo wa kioo. Ilitokana na stakabadhi.

Mwananchi anayetuma maoni kuhusu mpango wa mtaa wake anastahili kilekile. Apokee namba, aone maneno yake yalivyoandikwa, ajue yanasomwa na ofisi gani na lini atajibiwa. Kisha, na hapa ndipo mifumo mingi huishia njiani, namba hiyo imwonyeshe kilichotokea: maoni yamekubaliwa na kuingizwa katika rasimu sehemu fulani, au yamekataliwa kwa sababu hii na hii. Kukataliwa kwa sababu zinazoeleweka hakumfukuzi mtu. Kinachomfukuza ni ukimya.

Tanzania inao mfumo wa e-Mrejesho, ambao hupokea malalamiko, mapendekezo na pongezi za wananchi kwa taasisi za umma. Hiyo ni hatua. Lakini maoni kuhusu mpango si sawa na malalamiko. Lalamiko ni la mtu mmoja na linaweza kufungwa likishatatuliwa. Maoni ya mpango hugongana: mmoja anataka barabara ipanuliwe, na nyumba ya mwingine iko pale itakapopanuliwa. Kumjibu mmoja peke yake kwa siri ni kumficha mwingine. Kwa hiyo majibu ya maoni ya mpango lazima yasomwe na wote.

Jiji la Barcelona, Hispania, lilijaribu jambo hilo kwa upana wake. Februari 2016 lilifungua mfumo ambao baadaye uliitwa Decidim, neno la Kikatalani lenye maana ya “tunaamua”, ili kutayarisha mpango wa jiji wa miaka minne. Walishiriki watu karibu 40,000 na yakapatikana mapendekezo zaidi ya 10,000. Kila pendekezo lilikuwa na ukurasa wake unaoonyesha lilikotoka, nani waliliunga mkono, na kama limekubaliwa au limekataliwa na kwa nini. Yafaa kuongeza kwamba sehemu kubwa ya kazi ile haikufanyika kwenye kompyuta. Ilifanyika katika mamia ya mikutano ya mitaa, ambayo yaliyosemwa humo yaliingizwa katika mfumo huo huo, yakapewa uzito ule ule na kufuatiliwa kwa njia ile ile.

Jirani yake Madrid anatoa onyo. Mfumo wa jiji hilo ulioanza Septemba 2015 ulimruhusu mkazi yeyote kutoa pendekezo, lakini ili lipigiwe kura ya jiji zima ilibidi liungwe mkono na asilimia moja ya wakazi wenye umri unaozidi miaka 16. Yaliwekwa maelfu kwa maelfu ya mapendekezo. Kura ilipoitishwa Februari 2017, yaliyokuwa yamevuka kizingiti hicho yalikuwa mawili tu. Hakuna aliyewadhulumu wananchi kwa makusudi, ila mamlaka halisi yalikuwa yamejificha ndani ya namba moja iliyochaguliwa na waundaji wa mfumo. Kwa haki, niseme pia kuwa katika kura za wakati huo wakazi walichagua mchoro wa kuujenga upya uwanja wa Plaza de España, na mchoro huo ulitekelezwa hata baada ya uongozi wa jiji kubadilika mwaka 2019. Uwanja ulifunguliwa Novemba 2021.

Bahasha mbili

Turudi kwa yule mama wa bondeni, maana stakabadhi peke yake haimtoshi. Anataka kujua kama jina lake litaandamana na jibu lake.

Hapa kuna ugumu wa kweli. Ofisi inayokusanya maoni inahitaji kuhakikisha kuwa mtu mmoja hatumi maoni mara mia, wala mwenye kampuni ya ujenzi hawalipi vijana watume kwa niaba ya wakazi wasiokuwepo. Njia rahisi ni kutumia namba ya simu. Lakini nchini Tanzania laini zote zilitakiwa kusajiliwa kwa alama za vidole na kitambulisho cha taifa, na muda wa mwisho uliowekwa ulikuwa Januari 20, 2020. Maana yake ni kwamba namba ya simu leo ni jina kamili. Anayedhani kuwa ujumbe mfupi hauna mwenyewe anajidanganya, na mfumo unaomwambia “huhitaji kuandika jina lako” huku ukihifadhi namba yake unamdanganya.

Suluhisho linalojulikana linafanana na kura inayopigwa kwa posta. Karatasi ya kura huwekwa ndani ya bahasha isiyo na jina, nayo huwekwa ndani ya bahasha ya nje yenye jina. Msimamizi husoma jina, huliweka alama kwenye orodha kwamba huyu amekwisha kupiga kura, kisha huitupa bahasha ya ndani katika sanduku pamoja na nyingine. Tangu hapo hakuna awezaye kuziunganisha tena.

Mfumo wa maoni unaweza kufanya vivyo hivyo kwa kuwa na vitabu viwili. Kimoja huonyesha namba zilizokwisha kutoa maoni. Kingine huhifadhi maoni, kila moja likiwa na namba ya stakabadhi tu, na kati ya vitabu hivyo pasiwepo uzi. Gharama yake ni kwamba ofisi haiwezi tena kumtumia mtu jibu moja kwa moja, kwa kuwa haijui ni lake. Inabidi majibu yote yabandikwe pamoja, mtandaoni na kwenye ubao wa ofisi ya mtaa, naye atafute namba yake mwenyewe. Wapo waundaji wa programu ambao hawapendi jambo hilo, kwa sababu wanataka kumfurahisha mtumiaji kwa ujumbe wa papo hapo. Lakini penye hatari ya kubomolewa, usiri una thamani kuliko haraka.

Usiri unavuja pia kupitia ramani. Ukionyesha majibu kwa nukta moja kwa kila nyumba, hujaficha kitu hata kama umefuta majina, kwa sababu kila mtu mtaani anajua nyumba ile ni ya nani. Ukiyajumlisha kwa shina bado hujaficha, maana shina la nyumba kumi ni majirani wanaofahamiana hadi kwa sauti ya kikohozi. Ni afadhali yajumlishwe kwa mtaa mzima, na mahali pa hatari paonyeshwe kwa umbo la eneo linalofurika, si kwa orodha ya waliosema kuwa wanafurika.

Kisha kuna swali la nani ataziona taarifa hizo kesho. Tanzania ilitunga Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi mwaka 2022, na Kenya ilitunga sheria kama hiyo mwaka 2019. Kwa ujumla sheria hizo zinataka taarifa za mtu zitumike kwa kusudi alilokusanyiwa. Kwa maoni yangu, mfumo wa mipango miji unapaswa kulitamka kusudi hilo kwa sentensi moja ya Kiswahili kabla ya swali la kwanza: majibu haya hayatatumika kuamua nani abomolewe. Kama ofisi haiwezi kuiandika sentensi hiyo na kuisimamia, basi ni heri isiulize.

Mjini Toronto, Kanada, kampuni ya Sidewalk Labs, ndugu wa Google, ilikuja mwaka 2017 na mradi wa kujenga kitongoji cha kisasa kando ya ziwa. Mikutano na wananchi ilifanyika mingi. Oktoba 2018 mtaalamu wa faragha aliyekuwa akiishauri kampuni hiyo, Ann Cavoukian, alijiuzulu baada ya kubainika kuwa washiriki wengine wa mradi wasingelazimika kufuta utambulisho wa watu katika taarifa wanazokusanya. Mei 2020 kampuni ilijitoa, ikitaja hali ngumu ya kiuchumi iliyoletwa na janga la korona. Lakini mabishano kuhusu nani mwenye taarifa za wakazi yalikuwa yamekwisha kuuchosha mradi muda mrefu kabla ya hapo.

Kufunga daftari

Jambo jingine ni hofu kwamba maoni yatabadilishwa baada ya kukusanywa. Hofu hiyo si ya kijinga. Kanzidata ni daftari linaloandikwa kwa kalamu ya risasi, na mwenye ufunguo anaweza kufuta mistari mia usiku mmoja bila kuacha doa.

Kuna dawa isiyo ghali. Siku ya kufunga maoni, kompyuta hupiga hesabu juu ya orodha nzima na kutoa mfululizo wa herufi na tarakimu 64, ambao ni kama alama ya kidole ya orodha ile. Ukibadilisha hata nukta moja, alama inayotoka ni tofauti kabisa. Herufi hizo 64 zikichapwa gazetini na kubandikwa ofisi ya mtaa siku ile ile, basi mwaka mmoja baadaye mwanafunzi yeyote mwenye kompyuta anaweza kuichukua orodha iliyotangazwa, kuipigia hesabu upya na kujua kama ndiyo ile ile. Bila shaka hiyo inawezekana tu ikiwa orodha yenyewe ni ya wazi, na programu yenyewe ni huria, inayoweza kukaguliwa na wasioajiriwa na halmashauri.

Wenzetu wa Kenya walionja ladha ya jambo hilo katika uchaguzi wa Agosti 2022. Tume ya uchaguzi iliweka mtandaoni picha za fomu za matokeo ya urais kutoka vituo 46,229, na yeyote aliyetaka alizijumlisha mwenyewe. Malumbano hayakuisha na kesi ilifika Mahakama ya Juu. Lakini mabishano yalikuwa juu ya karatasi ambazo kila mtu aliweza kuziona, na hilo si jambo dogo.

Nyumba kumi za Mukuru

Pamoja na yote hayo, simu haimfikii kila mtu, na anayefikiwa si lazima awe na haki ya kusema. Katika makazi mengi ya mijini walio wengi ni wapangaji. Mpango ukitambua wenye nyumba tu, unawasikiliza wale ambao pengine wanaishi kwingine.

Mukuru, upande wa mashariki wa Nairobi, inaonyesha namna nyingine. Agosti 2017 serikali ya kaunti ilitangaza maeneo ya Kwa Njenga, Kwa Reuben na Viwandani, yenye kaya zipatazo 100,000, kuwa eneo maalumu la mipango. Badala ya kuanza na programu ya simu, Muungano wa Wanavijiji na washirika wake walianza na nyumba kumi kumi. Kila kumi lilikuwa na mwakilishi, makumi yakaunda kundi kubwa zaidi, na makundi yakapeleka sauti zao katika mikutano ya sehemu zao. Taarifa za simu na ramani za kompyuta zilipita juu ya ngazi hizo, kama maji yanavyopita juu ya mfereji uliokwisha kuchimbwa. Baadhi ya barabara, mabomba ya maji na vituo vya afya vilijengwa baadaye kwa kufuata mpango huo.

Na bado, mwishoni mwa mwaka 2021 tingatinga ziliingia Kwa Njenga, na maelfu ya wakazi walipoteza nyumba zao kupisha barabara. Asiyelitaja hilo anapoisifu Mukuru hajasema ukweli wote. Mfumo wa maoni, hata uwe mwaminifu namna gani, hauna breki za tingatinga. Breki hizo ziko mahakamani na katika ofisi zinazotia sahihi amri.

Nani atasoma?

Limebaki suala moja ambalo halizungumzwi sana katika semina za teknolojia, nalo ni la watumishi. Tuseme halmashauri moja ina maofisa mipango miji wawili. Inafungua mfumo, redio inautangaza, na unapokelewa ujumbe 3,000, ile namba ambayo Maji Matone waliitamani. Kusoma kila ujumbe, kuutafuta kwenye ramani na kuuandikia jibu lenye sababu kwa dakika tano tu, ni kazi ya saa 250. Kwa mtu mmoja hizo ni siku 31 za kazi, za saa nane kila moja, bila kupokea simu, bila kwenda kwenye kiwanja chenye mgogoro na bila kuitwa na mkurugenzi.

Kwa hiyo halmashauri ya namna hiyo isianze na jiji zima wala na mpango wa miaka ishirini. Ichukue mtaa mmoja na swali moja, kwa mfano kalavati lijengwe kwenye kona ya msikiti au kwenye kona ya shule. Itangaze siku ya kufunga, bajeti iliyopo na jina la ofisa atakayejibu. Ipokee maoni kwa simu ya kitochi bila malipo, na kwa mdomo kupitia wajumbe wa mashina. Wiki mbili baadaye ibandike ubaoni maoni yote, majibu yote na uamuzi, na mafundi waonekane wakichimba pale pale palipoandikwa. Mtaa wa jirani utakuwa umeona.

Na mama wa bondeni, siku akigongewa tena, atakuwa na pa kwenda kutazama kabla hajajibu kwamba maji yalimfika kiunoni.